TUTAZAME KWANZA, NDIPO TUCHORE



Leo sitaandika juu ya kuchelewa mstarini wala juu ya kufagia vyumba, ingawa kazi ya kapita ni hiyo na wengi mnanijua kwa hiyo tu. Leo nataka kuungama kosa langu moja, kisha niseme wazo langu juu ya picha, matangazo na kazi ya kuchora hapa shuleni kwetu. Asiyekubaliana nami aandike jibu. Kurasa za gazeti letu ni za wote.

Kosa lenyewe ni hili. Mwaka uliopita, mvua zilipoanza, sisi viongozi wa wanafunzi tuliombwa kutengeneza tangazo kubwa juu ya kolera. Hakuna mtu wa bonde la Ruzizi asiyejua ugonjwa huo. Uvira na kandokando ya ziwa unarudi mwaka baada ya mwaka, na sisi huku, pahali wengi wanachota maji mtoni ao katika mifereji ya mashamba ya mpunga, hatuko mbali nao. Basi kazi haikuwa mchezo. Nilijitolea mimi, kwa sababu watu husema nina mkono mzuri.

Nilifanya nini? Nilikuta picha katika telefone ya kaka yangu: lavabo nyeupe, robine inayong'aa, mikono miwili chini ya maji, na maneno mengi ya Kifaransa. Niliinakili yote kwa siku tatu, hata kivuli cha robine sikukiacha. Nikaibandika kwenye ukuta karibu na vyoo, nikarudi nyuma hatua tano, nikajisifu moyoni. Ilikuwa picha safi kabisa.

Kesho yake mtoto mmoja wa darasa la saba akaniuliza kwa adabu: "Yaya, hii iko wapi?"

"Hii nini?"

"Hii chuma yenye kutoka maji."

Nikamwambia ni robine. Akatazama tena, akatikisa kichwa. "Aa, kumbe ni ya wale wenye kuwa na robine. Sasa sisi wa bidoni, tufanye namna gani?"

Nilikasirika, ninaungama. Nilitaka kumwandika katika kaye ya watukutu. Lakini neno lake halikutoka masikioni mwangu. Wakati wa mapumziko nilisimama mbali kidogo nikahesabu ni wangapi watasoma tangazo langu. Watu wawili tu walisimama mbele yake, na mmoja wao alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Ndugu wasomaji, hapo nilielewa ya kama nilikuwa nimefanya kazi ya mikono bila kazi ya macho. Niliiga kabla ya kutazama.

MWALIMU WA BARABARANI

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni. Kando ya barabara kulikuwa mzee mmoja anapaka rangi ukuta wa butike. Nilikuwa nimempita mara mingi bila kumwona kama mtu wa kunifundisha kitu. Siku hiyo nikasimama. Nikamwamkia, nikamwuliza juu ya nini alichora sufuria moja tu na maneno mawili tu, na ukuta bado ulikuwa na nafasi kubwa.

Akanionyesha kwa burashi yake: "Mtoto wangu, unaona ile pikipiki? Ule mutu hana saa ya kusoma. Ana saa ya kuona tu."

Nikakaa naye karibu mchana wote. Alinifundisha mambo matatu bila kuyaita masomo. La kwanza: ukuta mmoja, neno moja. Ukitaka kusema mambo manne, tafuta kuta nne. La pili: herufi zisomwe kutoka ng'ambo ya barabara, ndiyo sababu kila mara alivuka, akatazama, akarudi kurekebisha. La tatu ndilo lilinichoma: kitu unachochora kiwe kile watu wanacho nyumbani. "Nikipaka resitora," alisema, "nachora bugali na ndagala. Nikichora chakula yenye hapa hawajui, nani ataingia?"

Akanipa mabaki ya rangi katika makopo mawili, njano na nyeusi. Nikarudi, nikatoa ile robine, nikachukua karto kubwa. Safari hii nilichora bidoni ya njano, ile ambayo kila mmoja wetu ameibeba kichwani ao juu ya kinga. Pembeni yake sufuria juu ya mafiga, na mvuke unapanda. Chini nikaandika neno moja kwa herufi kubwa: UMECHEMSHA?

Kabla ya saa sita watu walikuwa wanabishana mbele yake. Mmoja alisema bidoni yangu haifanani na za kwetu kwa kuwa haina gunzi la hindi la kuiziba. Alikuwa na haki, nikaongeza gunzi. Mama mmoja wa jikoni alisema mafiga yamekaa vibaya, sufuria itaanguka. Nikarekebisha mafiga. Baada ya juma moja watoto wadogo wakafanya neno lile kuwa salamu kwenye mstari wa maji: "Umechemsha?" na mwenzake anajibu. Siwezi kusema ya kama karto ilifukuza kolera, kwani mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba ile ya kwanza haikusomwa, na hii ya pili ilisomwa mpaka ikasahihishwa. Picha ambayo watu wanaisahihisha ni picha ambayo wameiona.

WAKUBWA WALIANZA HAPOHAPO

Labda mwenzangu atasema: hayo ni mambo ya vibao vya soko, usanaa wa kweli uko Ulaya na katika vitabu. Mimi nasema hapana, na mashahidi wangu ni watu wanaojulikana.

Shahidi wa kwanza ni Chéri Samba, Mkongomani, aliyezaliwa mwaka 1956. Alifika Kinshasa bado kijana, akafanya kazi ya kupaka vibao vya matangazo, na mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Aliona ya kama wapita njia hutupia picha jicho moja tu na kwenda zao. Basi akaanza kuandika maneno ndani ya picha zake, Kifaransa na Lingala, ili anayepita alazimike kusimama na kusoma. Jambo hilo alilipata wapi, kama si katika kazi ya vibao na katika hadithi za picha za magazeti? Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa, na leo anajulikana duniani pote.

Shahidi wa pili ni Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015. Huyu alikuwa amefundisha shuleni, tena alifanya kazi ya kutengeneza vinyago vilivyoharibika katika nyumba ya makumbusho ya Kinshasa. Vifaa vyake vilikuwa karatasi, karto, gundi na vifungashio vya bidhaa, vitu ambavyo sisi tunachoma nyuma ya jiko. Kwa vitu hivyo alijenga miji midogo ya ajabu, yenye majumba ya rangi zote. Mwaka 1994 alitengeneza mji alioupa jina la kijiji chake cha kuzaliwa, Kimbembele Ihunga. Angalieni: hakunakili New York. Alichukua kijiji chake akakipa majumba marefu. Na mwaka 2018 ni New York yenyewe iliyomwita, miji yake ikaonyeshwa katika makumbusho makubwa ya sanaa ya kisasa ya huko, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Shahidi wa tatu alisema lugha yetu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora Lubumbashi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yetu, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili cha Katanga kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, aliyeziweka baadaye katika kitabu. Alichora wapi? Juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Yeyote hapa anayeniambia, "Kapita, ningechora lakini sina karatasi nzuri," namkumbusha mfuko wa unga.

Na ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kulikuwa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za dukani, zile za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mbao nyembamba. Aliuza kazi yake Dar es Salaam, chini ya mbuyu karibu na maduka ya Oysterbay. Wengi walioandika habari zake wanasema aliziona picha za Wakongomani zilizouzwa katika mji ule, akapata wazo. Lakini hakuziiga: alichora wanyama wake kwa namna yake. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, na hata hivyo wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wanaendelea, na uchoraji huo unaitwa kwa jina lake.

Mnaona? Wanne hawa hawakungoja vifaa wala hawakuchukua kitu cha mtu mwingine kizima kizima. Walitazama kilichokuwa mbele ya macho yao, wakauliza kinafanya kazi namna gani, kisha wakafanya chao. Hata Wazungu walifanya hivyo kwetu. Mwaka 1907 Picasso aliingia katika nyumba moja ya makumbusho mjini Paris akaona vinyago vya Afrika, na uchoraji wake ukabadilika. Yeye alitazama vya kwetu akapata njia mpya. Je, si haya kwamba sisi wenye vitu hivyo hatuvitazami?

Na mama zetu je? Vikwembe wanavyovaa vina safari ndefu. Namna ile ya kutia rangi kwa nta ilitoka kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia. Waholanzi waliiiga kwa mashini, na kiwanda cha Vlisco, kilichoanza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, bado kinatengeneza vitambaa hivyo. Lakini ni mama wa Afrika sokoni ndio walivipa majina na maana, mpaka kikwembe kikaweza kumjibu jirani bila mdomo kufunguka. Nguo ni ya mbali, neno ni la kwetu. Huko ndiko kupata wazo kwa mwingine bila kuwa mwizi.

"LAKINI MATANGAZO NI MAMBO YA DUNIA"

Najua kuna wenzangu, na labda waalimu wachache, watakaosema: Kapita wa shule ya Waprotestanti anatutuma kutazama matangazo ya pombe? Swali ni la haki, na silikimbii.

Ukitoka Luberizi kwenda Uvira kupitia Sange na Kavimvira, utayaona matangazo, utake usitake. Kampuni za simu zimepaka nyumba nzima rangi zao. Pombe iko ukutani, sabuni iko ukutani, mafuta ya kujichubua ngozi yako ukutani. Kufumba macho hakusaidii, maana tangazo limetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyetazama vizuri. Linampata yule anayepita haraka, anayechukua furaha ya picha bila kuuliza.

Mwenye kujua namna tangazo linavyotengenezwa hashikwi upesi. Mimi nilipokwisha kukaa na yule mzee, nilianza kujiuliza mbele ya kila ukuta maswali mawili. Swali la kwanza: kwa nini jicho langu limekuja hapa? Ni rangi? Ni uso unaocheka? Ni neno fupi? Swali la pili: ni kitu gani ambacho picha hii haionyeshi? Tangazo la pombe linaonyesha vijana wanaocheka jioni, halionyeshi asubuhi, wala mfuko wa baba uliobaki mtupu. Tangazo la mafuta linaonyesha uso laini, halionyeshi ngozi ya dada baada ya miaka mitano. Swali la kwanza linakufanya mchoraji. Swali la pili linakulinda. Nani atasema mtoto wa shule ya Kikristo hahitaji yote mawili?

Tena tusisahau ya kama katika kitabu cha Kutoka Mungu mwenyewe alimwita fundi kwa jina, Bezaleli, akampa ujuzi wa dhahabu, wa mbao na wa mawe. Kazi ya mikono yenye akili haikudharauliwa huko. Kwa nini idharauliwe kwetu?

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SISI

Wenzangu wa sehemu ya ualimu mnajua ninachosema. Tunapokwenda kufanya staji katika shule ya msingi, tunabeba picha za kufundishia. Na tunachora nini? Tofaa. Treni. Mtoto mwenye koti la baridi. Watoto wa bonde hili, penye joto hili, tunawafundisha kuhesabu kwa matofaa wasiyoyala, na mapera na maembe yanaanguka nyuma ya darasa. Kisha tunasema watoto hawashiki. Mtoto hashiki kwa sababu tumemwonyesha robine na yeye ni wa bidoni.

Mimi namaliza mwaka huu. Mungu akipenda na mtihani wa serikali ukipita, mwaka ujao nitasimama mbele ya watoto arobaini, labda hamsini, bila kitabu cha kutosha. Kitu nitakachokuwa nacho ni ubao, chaki, na macho yangu. Kama sikujifunza kutazama hapa, nitajifunzia wapi?

Basi natoa mapendekezo manne, kwa heshima, kwa Bwana Prefe, kwa waalimu na kwa wanafunzi wote.

1. Kila toleo la gazeti hili liwe na ukurasa mmoja wa picha iliyochorwa na mwanafunzi. Mtu asiseme stensili yetu haina rangi. Kuna nyeusi ya wino na nyeupe ya karatasi, na mwenye mistari michache iliyo wazi atashinda mwenye mingi iliyochanganyika.

2. Picha ikitoka katika telefone ao katika kitabu isikubaliwe kama ilivyo. Mwenye kuileta aseme alijifunza nini humo, kisha aonyeshe alichobadilisha ili iwe ya hapa.

3. Ukuta ulio karibu na pahali pa kuchotea maji tupewe sisi wanafunzi. Kila muhula uwe na neno moja tu na picha moja tu, na kabla ya kupakwa, mchoro uonyeshwe kwa watoto wa darasa la saba. Wao ndio watakaotuambia kama unasomeka. Mimi nimejifunza kuwaogopa kidogo, kwa faida yangu.

4. Kila mmoja wetu, mvulana kwa msichana, achukue kaye kuukuu. Kabla ya likizo ya Pasaka aandike humo vibao kumi alivyoviona njiani, sokoni, juu ya lori ao kwenye mitumbwi ya Kalundu akifika huko. Kwa kila kimoja ajibu yale maswali mawili: kwa nini jicho langu limekuja hapa, na nini hakionyeshwi? Kaye tatu zilizo nzuri zaidi zitachapishwa katika gazeti hili. Si lazima ujue kuchora. Ni lazima ujue kutazama, na hilo kila mwenye macho anaweza kulianza leo.

Namaliza kwa kumshukuru yule mtoto wa darasa la saba. Jina lake silitaji, lakini yeye anajijua. Siku ile nilitaka kumwandika kwa utovu wa adabu. Leo namwandika hapa kwa shukrani. Aliuliza "Hii iko wapi?" na ninaona ya kama hilo ndilo swali ambalo kila picha, kila tangazo na kila somo la shule hii lapaswa kuulizwa.

Karto ya bidoni bado iko ukutani. Mvua imeipata upande mmoja na njano inaanza kutoka. Mwenye mkono na awe tayari, maana mwakani sitakuwapo kuirudilia.

Ni mimi,
Kapita wenu, mwaka wa mwisho, sehemu ya ualimu.